Kabla ya kupanda Mlima Meru, familia ikae kikao kwanza

MKAZI wa Elerai, jijini Arusha, hahitaji ramani ili auone Mlima Meru. Asubuhi isiyo na mawingu, akitoka mlangoni na kutazama kaskazini, mlima uko pale pale juu ya mabati ya majirani. Mtoto anayejifunza kuchora huanza na huo. Mama anayeanika nguo hutazama kilele ili ajue kama zitakauka. Hata hivyo, si ajabu kukuta nyumba nzima, kuanzia babu hadi mjukuu, ambayo hakuna hata mmoja aliyewahi kuupanda wala kufika kwenye lango la hifadhi yake.

Mambo hubadilika simu inapolia kutoka mbali. Shangazi anayeishi Ulaya anasema anakuja Julai na watoto wake wawili, na kwamba watoto hao wameona picha za Meru na wanataka kufika juu. Binamu zao wa Elerai wanasikia, nao wanataka. Baba anakuna kichwa akiwaza gharama, mama anawaza baridi, na bibi anauliza ni nani aliyepotelewa na kitu huko mlimani hadi akifuate.

Maswali ya bibi si ya kupuuzwa. Safari ya Meru ni ya siku tatu au nne, ina gharama, na ina hatari kwa asiyejiandaa. Familia inayotaka kwenda haina budi kukaa kikao mapema, kila mtu akasema lake, kabla ya kulipa hata shilingi moja.

Kiangazi cha wageni, baridi ya wenyeji

Jambo la kwanza la kukubaliana ni tarehe, na hapo ndipo mkanganyiko wa kwanza hutokea. Mtoto anayetoka Ulaya huita Julai majira ya joto, akafungasha kaptula na kandambili. Arusha ya Julai ni kipupwe. Asubuhi mji hufunikwa na mawingu mazito, bodaboda huvaa makoti mawili, na mlima unaweza kujificha siku kadhaa mfululizo. Anayefika uwanja wa ndege akitarajia jua la Afrika hujikuta akiazima sweta la binamu yake jioni ile ile.

Kwa kupanda, hata hivyo, Juni hadi Oktoba ni kipindi kizuri. Mvua za masika, ambazo hunyesha kuanzia Machi hadi Mei, huwa zimekwisha na njia zimeanza kukauka. Mara nyingi mawingu yanayoufunika mji hukaa chini, na anayeyapita kwa juu hukuta jua. Kipindi kingine kinachofaa ni kuanzia mwishoni mwa Desemba hadi Februari, baada ya mvua za vuli.

Tatizo ni shule. Kwa kawaida shule za Tanzania hufungwa mwanzoni mwa Juni na kufunguliwa mwanzoni mwa Julai, wakati shule nyingi za Ulaya ndiyo kwanza hufunga Julai. Siku ambazo binamu wote wako likizo kwa pamoja huwa chache mno, na mara nyingine hazipo kabisa. Mzazi asiyelitazama hili mapema hulazimika kuchagua kati ya kumwacha mtoto wa nyumbani darasani au kumwombea ruhusa kwa mwalimu mkuu. Zipo familia zinazotumia sikukuu za Saba Saba au Nane Nane zinapoangukia karibu na mwisho wa wiki. Zipo zinazoamua kusubiri Desemba, watoto wote wakiwa huru. Lolote litakaloamuliwa, lisemwe kabla shangazi hajanunua tiketi ya ndege.

Mlima unaoonekana Elerai ni mgongo tu

Vitabu vingi huandika kwamba Meru una urefu wa mita 4,566 juu ya usawa wa bahari, na vingine huandika 4,562. Kwa Tanzania ni wa pili baada ya Kilimanjaro wenye mita 5,895. Kwa sababu hiyo wapo wanaouona kama mlima wa mazoezi, wa kupashia misuli kabla ya ule mkubwa. Dharau hiyo imewatoa wengi jasho. Njia ya mwisho ya Meru ina mteremko mkali, ina majivu ya volkano yanayoteleza, na ina sehemu za miamba ambazo mpandaji huvuka kwa kutumia mikono.

Jambo ambalo wakazi wengi wa jiji hawalijui ni kwamba upande wanaouona kila siku ni mgongo wa mlima. Kutoka Elerai, Meru unaonekana mzima kama pia iliyogeuzwa. Upande wa mashariki mlima huo umebomoka. Miaka elfu kadhaa iliyopita ubavu wa upande huo uliporomoka, tope na mawe vikamwagika hadi tambarare, na kubakia shimo kubwa lenye umbo la kiatu cha farasi. Maziwa ya Momella yamekaa katikati ya vilima vilivyotokana na maporomoko hayo. Ndani ya shimo kumeota kilima kipya cha majivu. Mara ya mwisho mlima kutoa majivu ilikuwa mwaka 1910, na wataalamu bado wanauhesabu kuwa volkano iliyolala, si iliyokufa.

Hiyo ndiyo sababu familia ya Elerai, ijapokuwa inaishi miguuni pa mlima, hulazimika kuuzunguka ili kuupanda. Njia rasmi huanzia Momella, upande wa mashariki, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Gari hushika barabara ya Moshi hadi Usa River, hukunja kushoto, na kuingia hifadhini kwa lango la Ngongongare. Vijana wanaojaribu kukatiza kupitia misitu ya upande wa jiji bila kibali wanavunja sheria, na zaidi ya hapo wanaingia eneo la nyati na tembo bila ulinzi wowote.

Siku tatu au siku nne?

Siku ya kwanza huanzia lango la Momella, kwenye mita 1,500 hivi, na kuishia kwenye kibanda cha Miriakamba, mita 2,514. Kila kundi huongozwa na askari wa hifadhi mwenye bunduki, kwa sababu nyati, tembo na twiga wako njiani. Njia moja ni fupi na kali, nyingine ni ndefu na pole, nayo hupita kwenye mtini mkubwa uliofanya tao mfano wa mlango. Watoto hupenda sana sehemu hii. Msituni wako mbega wenye manyoya meusi na meupe, ambao huruka kutoka tawi hadi tawi wakipeperusha mikia yao kama mashungi.

Siku ya pili ni ya ngazi. Kutoka Miriakamba hadi kibanda cha Saddle, mita 3,570, njia hupanda kwa vidaraja vingi vilivyochongwa ardhini na kutiwa mbao. Anayefika mapema na bado ana nguvu hupelekwa Meru Ndogo, kilele cha pembeni chenye mita 3,820, kisha hushuka kulala. Matembezi hayo ya jioni yana kazi yake, kwani mwili huonjeshwa kimo cha juu halafu ukapumzishwa chini.

Usiku wa siku hiyo ndio mgumu. Wapandaji huamshwa usiku wa manane, hunywa chai, na huanza kupanda gizani kwa tochi za kichwani. Hupita Rhino Point, kisha hufuata ukingo wa shimo, kushoto kwao genge na kulia kwao mteremko. Wanaojaliwa hufika kileleni, mahali panapoitwa Kilele cha Ujamaa, jua likichomoza nyuma ya Kilimanjaro.

Wanaotumia siku tatu hushuka siku hiyo hiyo hadi langoni, yaani zaidi ya mita 3,000 kwenda chini kwa siku moja, baada ya usiku usio na usingizi. Magoti hulipa deni hilo wiki nzima. Wanaotumia siku nne hulala tena Miriakamba na kushuka kesho yake. Kwa familia yenye watoto au mtu aliyevuka miaka 50, siku nne si anasa.

Lakini kuna jambo ambalo mzazi alielewe vizuri. Siku ya nne ya kawaida huongezwa wakati wa kushuka, kwa hiyo inasaidia magoti, haisaidii mapafu. Kupanda kunabaki kule kule: usiku mmoja mita 2,514, usiku wa pili mita 3,570. Madaktari wa milimani hushauri kwamba mtu akishavuka mita 3,000, kila usiku asilale zaidi ya mita 500 juu ya alipolala jana yake. Kati ya Miriakamba na Saddle ni zaidi ya mita 1,000. Familia inayoweza kumudu, iulize kama inaweza kulala Miriakamba mara mbili wakati wa kupanda. Siku ya katikati watoto hutembea polepole hadi ukingo wa shimo, huona kilima cha majivu, hurudi kula na kulala. Siku hiyo moja ndiyo inayoweza kutenganisha kichwa kinachouma na kichwa kizima.

Nani apande, nani abaki

Katika kikao cha familia, hili ndilo swali linaloumiza mioyo. Kila mtoto anataka kwenda, na hakuna anayependa kuambiwa abaki. Afadhali machozi ya mezani kuliko kilio cha Saddle saa tisa usiku.

Kileleni mwa Meru, kila pumzi humpa mtu kiasi cha oksijeni kinachozidi kidogo tu nusu ya kile anachovuta mtu aliyesimama ufukweni Tanga. Mkazi wa Arusha ana nafuu kidogo kwa kuwa jiji lenyewe liko kwenye mita 1,400 hivi. Shangazi na watoto wake wanaotoka mji wa tambarare hawana nafuu hiyo. Kwa hiyo haifai wapande mlima siku ya pili baada ya kushuka kwenye ndege. Wakae Elerai siku tano au sita, wale, walale, wazunguke na kuwasalimia ndugu.

Wapo ambao hawapaswi kupanda bila idhini ya daktari: wenye maradhi ya moyo, wenye shinikizo la damu lisilodhibitiwa, wenye pumu inayowasumbua mara kwa mara, na wajawazito. Mtoto mwenye ugonjwa wa selimundu, ambao wengi huuita siko seli, asipelekwe kwenye kimo kile. Upungufu wa oksijeni ndio huzifanya chembe zake za damu zijikunje na kuziba mishipa, na maumivu yanayofuata huko juu hayana hospitali ya karibu. Katika nyumba zetu wapo watoto ambao hawajawahi kupimwa. Kama kuna ndugu mwenye ugonjwa huo, kipimo kifanyike kabla ya safari.

Kwa watoto wadogo kuna sababu nyingine ya tahadhari. Mtoto wa miaka sita hawezi kueleza tofauti kati ya kuchoka, kusikia baridi na kuumwa kichwa kwa sababu ya kimo. Yeye hununa tu, au hulala. Mzazi asiyejua kusoma dalili hizo anaweza kumhimiza apige hatua wakati anapaswa kumshusha. Mtoto wa umri huo atafurahia zaidi siku moja Momella, na mlima hauhami.

Fedha na makaratasi

Gharama za Meru hazikai kwenye kapu moja. Kuna kiingilio cha hifadhi kwa kila siku, kulala kwenye vibanda, askari, mwongozaji, ada ya uokoaji, wapagazi, mpishi, chakula na usafiri wa kwenda na kurudi. Mzazi anayeuliza bei aombe orodha yenye kila kipengele, si jumla peke yake. Bei ya chini sana huwa imeacha kitu, na mara nyingi kilichoachwa ni malipo ya mpagazi.

Viwango vya hifadhi hutofautiana kwa uraia na umri. Mtanzania hulipa kwa shilingi kiwango cha chini, na mtoto hulipa pungufu ya mtu mzima. Mgeni wa nje hulipa kwa viwango vya dola. Hapa ndipo familia yenye ndugu ughaibuni hupata mshtuko. Binamu wawili wa damu moja, wanaofanana hadi meno, wanaweza kusimama langoni na kutozwa bei mbili zilizopishana sana, kwa sababu mmoja ana pasi ya nchi nyingine. Kuzungumza Kimeru au Kiswahili cha Arusha hakubadilishi kilichoandikwa kwenye pasi. Jambo hili lisemwe waziwazi mapema, na ijulikane nani analipia nani, maana fedha zinazojadiliwa langoni huacha makovu kwenye undugu.

Watanzania wazima wabebe vitambulisho vya taifa, na watoto vyeti vya kuzaliwa au nakala zake. Malipo ya hifadhi hufanywa kwa kadi au kwa namba ya malipo ya serikali. Anayefika na bahasha ya noti hukwama. Kwa kuwa viwango hubadilika, uulizaji ufanywe katika ofisi za Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA, ambalo makao yake makuu yako hapa hapa Arusha.

Kampuni ya kupandisha watalii iwe na leseni ya utalii inayojulikana kwa jina la TALA. Mwenye leseni halali haoni shida kuionyesha. Mjini wapo vishoka wanaomsogelea mtu stendi au mbele ya hoteli, wakiwa na picha nzuri kwenye simu na risiti za kuandikwa kwa mkono. Julai na Agosti vibanda hujaa wageni, na kishoka hana nafasi aliyoihifadhi popote.

Mpagazi naye ni mtoto wa mtu. Wenyewe hujiita wagumu, na ugumu huo wanaufanya kwa mizigo ya kilo nyingi juu ya mabega. Familia ipunguze vitu visivyo vya lazima, na ihakikishe kwamba kilichoahidiwa kinamfikia mkononi.

Miguu, nguo na chakula

Mazoezi hayahitaji ukumbi wa kulipia. Wiki sita kabla ya safari, familia ya Elerai inaweza kuanza na matembezi ya Jumamosi. Wavuke barabara ya Namanga, wapande taratibu hadi Ilboru na kurudi. Wiki inayofuata wapande kilima cha Suye. Baadaye waende maporomoko ya Napuru, ambako njia hupita bondeni na kwenye maji. Watembee na viatu vile vile watakavyopandia, kwa sababu kiatu kipya mlimani ni adui. Katika matembezi hayo mzazi atajua mengi: nani hulalamika baada ya nusu saa, nani hukimbia mwanzo akaishiwa nguvu, na nani huenda kimya hadi mwisho. Mwenda pole hajikwai, na Meru huwapenda watu wa namna hiyo.

Usiku, huko juu joto hushuka chini ya sifuri. Suruali ya jinzi ikilowa haikauki, na fulana ya pamba hubaki na jasho na kumtia mtu baridi. Kinachofaa ni nguo za tabaka: fulana nyepesi inayokauka haraka, sweta zito, na koti lisilopitisha mvua wala upepo. Viongezwe boshori, glavu, soksi nzito jozi mbili, na tochi ya kichwani yenye betri za akiba. Sehemu kubwa ya vitu hivi hupatikana kwenye mitumba kwa anayeanza kutafuta mapema. Asibebe mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, ambayo imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019.

Kwenye chakula, kimo hupunguza hamu. Mtoto anayekula sahani mbili za wali nyumbani anaweza kusukuma sahani pembeni. Kwa hiyo vibebwe vitu anavyovizoea: karanga, ndizi, chapati, viazi vya kuchemsha, na tangawizi ya kutia kwenye chai. Makande ni chakula kizuri, lakini si cha usiku wa kupanda kilele, kwa sababu kila aliyekula maharage atakumbuka.

Maji yanahitaji maelezo. Wenyeji wa maeneo yanayozunguka Meru wanajua kwamba vyanzo vingi vya maji vya mlima huu vina madini ya floraidi kwa wingi, ndiyo maana meno ya watu wengi waliokulia hapa yana rangi ya kahawia. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi floraidi. Anayepanda kwa siku nne hatadhurika meno kwa sababu yake, kwani madhara hayo huja kwa kunywa miaka mingi, hasa utotoni. Hatari ya safari ni kuhara na kukaukiwa maji. Kwa hiyo maji yachemshwe au yatiwe dawa, na kila mmoja anywe mara kwa mara hata kama hana kiu.

Wasiopanda nao wana safari yao

Bibi, mjamzito na watoto wadogo si lazima wabaki nyumbani wakisubiri picha. Siku wapandaji wanapoanza, gari lile lile linaweza kuwapeleka wote hifadhini. Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1960 kwa jina la Ngurdoto, na mwaka 1967 Mlima Meru uliongezwa ndani yake. Ndani kuna kreta ya Ngurdoto, ambayo wageni huitazama kutoka ukingoni bila kushuka. Kuna uwanda unaoitwa Serengeti Ndogo wenye pundamilia, nyati na ngiri. Kuna maziwa ya Momella, yenye maji ya magadi na ndege wengi, wakiwemo heroe ambao miezi mingine hufanya ukingo wote uwe wa waridi. Kwa siku moja watoto wa Elerai wanaona twiga kwa ukaribu kuliko katika kitabu chochote.

Bibi akiwepo, safari huongezeka uzito. Barabara inayokatiza hifadhini hutokea Ngare Nanyuki, na jina hilo lina historia ambayo wajukuu wanapaswa kuisikia. Novemba 1951 serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwaondoa Wameru kwa nguvu katika ardhi ya Engare Nanyuki ili iwape walowezi wa Kizungu. Nyumba zilichomwa, mifugo ikafukuzwa. Wameru hawakukaa kimya. Walichangishana fedha, na mwaka 1952 wakamtuma Kirilo Japhet hadi Umoja wa Mataifa, New York, kuieleza dunia kilichotokea. Miaka mitatu baadaye Julius Nyerere naye alikwenda huko kuisemea Tanganyika. Mtoto aliyekulia ughaibuni, ambaye kwake Meru ni picha nzuri ya ukutani, akisikia habari hii akiwa amesimama kwenye ardhi yenyewe, ataelewa kwa nini wazee hawauiti mlima huo mahali pa kutembea tu.

Makubaliano ya kurudi

Jambo la mwisho katika kikao ndilo la kwanza kwa umuhimu. Kabla ya kuondoka Elerai, kila anayepanda akubali mbele ya wenzake masharti ya kurudi.

Kichwa kuuma, kichefuchefu, kizunguzungu na kukosa usingizi ni dalili za ugonjwa wa kimo. Mwenye dalili hizo hapandi zaidi hadi zitulie. Zikizidi, anashuka. Akianza kuyumba kama mlevi, kuchanganyikiwa kwa maneno, kukohoa mfululizo au kuhema akiwa amekaa, anashushwa saa hiyo hiyo, usiku huo huo, bila kusubiri mapambazuko. Dawa ya kweli ni kushuka. Vidonge vya asetazolamaidi hutolewa kwa ushauri wa daktari, na havimpi mtu ruhusa ya kupuuza dalili.

Ikubaliwe pia nani atashuka na mgonjwa. Kama mama na baba wote wanapanda, mmoja awe ameshachaguliwa kushuka na mtoto, na asiulizwe tena kama yuko tayari. Askari na waongozaji wasiwe pungufu ya idadi ambayo kundi linaweza kugawanyika nayo. Yaani waulizwe mapema kundi likigawanyika nani atakwenda na nani. Kauli ya mwongozaji ya kurudi isibishaniwe na mtu mzima mbele ya watoto. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mlimani mkuu ni yule anayeijua njia.

Lililo gumu zaidi ni aibu. Shangazi amelipa dola, binamu wameshawaambia rafiki zao, na simu zimeshachajiwa kwa ajili ya picha ya kileleni. Mtoto anayeumwa kichwa huficha ili asiwaangushe wengine. Dawa ya aibu hiyo hutolewa nyumbani, wiki kadhaa kabla, na wazazi wenyewe. Watoto waambiwe kwamba aliyefika Miriakamba amepanda Meru, aliyefika Saddle amepanda Meru, na anayesema mapema kwamba anaumwa ameisaidia familia nzima. Tena waambiwe na baba, kwa sauti yake, kwamba yeye mwenyewe akiumwa atashuka.

Kikao kikiisha, kazi zigawanywe na ziandikwe: nani ataulizia viwango TANAPA, nani atakagua leseni ya kampuni, nani atawapeleka watoto kupimwa, nani atatafuta makoti kwenye mitumba, na Jumamosi ipi matembezi ya Ilboru yanaanza. Shangazi apigiwe simu usiku huo huo apewe tarehe, na aambiwe kwamba Arusha ya Julai ni ya kuvaa sweta.